Nyumba ya Wageni Isiyo na Kibao

Umezuka katika jiji la Mwanza, na katika miji inayolizunguka Ziwa Victoria kutoka Musoma hadi Bukoba, mtindo wa biashara ambao bado haujapata jina rasmi katika vitabu vya halmashauri. Mtu ana nyumba ya kawaida ya kuishi, aghalabu ya vyumba viwili au vitatu. Anaitia makochi, jokofu na televisheni, anaipiga picha, anaitangaza katika simu, kisha anaikodisha kwa usiku mmoja mmoja kwa yeyote atakayelipa. Getini hakuna kibao, mezani hakuna kitabu cha wageni, na jirani wa pili hajui nani alilala humo jana. Wenye nyumba hizo huziita apatimenti. Wengine huziita kwa jina la ile kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008 na ambayo sasa inauza vyumba vya watu wengine duniani kote pasipo yenyewe kujenga ukuta. Liwalo lolote jina lake, kazi yake ni kulaza wageni kwa malipo, na kazi hiyo katika Tanzania ina sheria zake.

Hata hivyo, kila inapotajwa haja ya kuziandikisha nyumba hizi na kuzipa leseni, makelele hupanda. Nyumba ni yangu, husema mwenye nyumba, ufunguo ni wangu, mgeni nimemtafuta mwenyewe. Serikali inataka nini tena? Maneno hayo yana utamu wake, hasa yanapotamkwa na mtu aliyejenga kwa jasho lake na kwa mkopo wa benki. Lakini ni maneno ya kupotosha, na yanastahili kujibiwa hoja kwa hoja, maana hasara yake haimwangukii msemaji. Inamwangukia mwalimu, muuguzi, karani na askari anayetafuta mahali pa kuishi katika jiji hilo hilo.

Mwanza ya leo si ile ya miaka kumi na tano iliyopita. Katika Sensa ya mwaka 2012, wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilihesabiwa watu 706,453. Katika Sensa ya Agosti 2022 zikahesabiwa watu 1,104,521. Watu karibu laki nne wameongezeka katika muda wa miaka kumi, katika jiji lililobanwa na maji upande mmoja na mawe upande mwingine, ambamo kiwanja cha tambarare ni kama lulu. Juu ya hao wakazi wameongezeka wageni. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3, na safari iliyokuwa ikingoja kivuko sasa inamalizwa kwa dakika chache. Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kimekuwa Hifadhi ya Taifa iliyo karibu kabisa na mitaa ya jiji. Rubondo iko ng'ambo, na Serengeti inafikika kwa gari kupitia Lamadi. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na hakuna mfanyabiashara wa malazi katika kanda hii asiyekwisha kuiweka tarehe hiyo kichwani.

Wala wageni wote si watalii wenye kamera. Wapo ndugu wa wagonjwa waliolazwa Bugando, waliotoka Geita, Simiyu, Kagera na Mara, wanaohitaji wiki mbili za kulala na jiko la kupikia uji. Wapo wanunuzi wa samaki na dagaa wanaofika Mwaloni Kirumba. Wapo watumishi walio safarini kikazi, nao hawa wana kisa chao, kwa kuwa mhasibu wa wizara huwadai risiti halali na mwenye apatimenti huwapa ujumbe wa simu. Mahitaji haya ni ya kweli, na gesti za zamani hazikuyatosheleza. Nyumba yenye jiko na sebule inamfaa mtu na familia yake kuliko chumba chenye kitanda, kioo na kandambili. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka nyumba hizo zifungwe.

Shida iko katika hesabu. Chukua nyumba iliyokuwa ikipangishwa Nyegezi au Buswelu kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Ikilaza wageni kwa shilingi 60,000 kwa usiku, siku tano tu zinarudisha kodi ya mwezi mzima, na siku ishirini na tano zilizobaki ni faida, kama wageni watapatikana. Mwenye nyumba hahitaji shahada ya uchumi kuiona njia hiyo. Anamwambia mpangaji wake kwamba mkataba ukiisha asihangaike kuuhuisha, maana kuna ukarabati. Ukarabati unafanyika kweli: rangi inapakwa, pazia jipya linatundikwa, na nyumba inatoka katika soko la wapangaji.

Mwalimu aliyehamishiwa Ilemela kwa barua ya Januari anafika na sanduku lake, mke na watoto wawili, na posho ya uhamisho ambayo huenda imelipwa au haijalipwa. Anakutana na dalali, ambaye hudai malipo ya mwezi mmoja kwa kumfungulia mlango. Anakutana na mwenye nyumba, ambaye hudai kodi ya miezi sita mkononi. Hayo mawili yalikuwapo tangu zamani na watumishi wameyazoea kama wanavyozoea vumbi. Jipya ni kwamba nyumba zenyewe zimepungua katika maeneo yaliyo karibu na shule, hospitali na ofisi, na zilizobaki zinapangwa bei kwa kutazamia yule mgeni wa usiku mmoja. Mwalimu anasukumwa nje kila mwaka kilomita mbili, mpaka anajikuta anapanda daladala mbili alfajiri kwenda kufundisha darasa la watoto waliolala karibu kuliko yeye. Hakuna baraza la kupeleka malalamiko yake ya kodi. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mahali pake hapakuwekwa kitu chenye meno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hizi mgeni siku ya tatu hupewa ankara, na jembe limebaki kwa mwenyeji.

Yatazamwe sasa madai ya kwamba nyumba ni mali ya mtu na Serikali haina la kusema. Nchi hii ina historia ndefu katika jambo hilo, na wanaopiga kelele wangefanya vyema kuikumbuka yote badala ya kuchagua kipande. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Kutwaa Majumba, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hiyo ilivunja kiburi cha makabaila wa mijini. Lakini ukweli usemwe: Msajili hakuweza kuyatunza majengo yale, kodi zilikusanywa kwa kusuasua, mabomba yakapasuka na rangi ikabanduka, na mwaka 1990 kazi yake ikahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka uliofuata, huko Zanzibar, miiko ya uongozi ikalegezwa, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Hakuna anayedai leo kurudishwa kwa sheria ya 1971. Kinachodaiwa ni kidogo mno mbele ya hiyo, ni karatasi moja inayosema nyumba ipo wapi, ni ya nani, inalaza wangapi na nani anajibu pakitokea la kutokea. Mtu anayeliita hilo unyang'anyi hajawahi kuona unyang'anyi.

Tena karatasi hiyo si ngeni. Sheria ya Leseni za Biashara ilitungwa mwaka 1972, na tangu hapo mama lishe, fundi cherehani na mwenye kibanda cha soda wamekuwa wakiulizwa leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka malazi ya watalii yaandikishwe, yakaguliwe na yapewe leseni. Mwenye gesti pale Mabatini au Igogo anatundika leseni yake ukutani ndani ya fremu, analipa ushuru wa halmashauri, anatembelewa na bwana afya, anakaguliwa na Zimamoto, na anaandika kila mgeni: jina, kabila, kazi, atokako, aendako. Akipitiwa na polisi usiku, anafunua kitabu. Nyumba ya tatu kutoka kwake, yenye vitanda vingi kuliko vyake, haifanyi hata moja la hayo na inatoza mara mbili ya bei yake. Ikiwa hiyo ndiyo biashara huria, basi uhuru wake ni wa upande mmoja, na aliyeitii sheria ndiye anayeadhibiwa.

Baadhi ya maofisa, na inasikitisha kwamba ni maofisa, hujibu kwamba nyumba hizi hazijulikani zilipo, hivyo haziwezi kuandikishwa. Jibu hilo lingeweza kuvumiliwa mwaka 1985. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme kwa njia ya LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Mita ya umeme inajulikana, na jengo linajulikana kwa mita. Mwaka 2022 nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi. Nyumba zikapewa namba, na mitaa ambayo haikuwa na jina ikapata jina na nguzo. Mwaka huo huo Sensa ilihesabu watu na ikahesabu majengo pia. Zaidi ya hayo, nyumba yenyewe imetangazwa hadharani, na picha za sebule, na ramani, na bei, na sifa alizoandika mgeni wa mwezi uliopita. Mtalii aliye Stuttgart anaipata kwa dakika tatu. Ofisa biashara aliye hatua mia tano haioni!

Kuhusu hiyo kodi ya LUKU lipo jambo ambalo wapangaji wanalijua kwa uchungu. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Iliagizwa kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango, na kila aliyejaribu kuyaanzisha mazungumzo hayo anajua yanavyoishia. Kwa hiyo karani wa halmashauri anayepanga chumba Kishiri huchangia kodi ya jengo ambalo si lake, mwezi baada ya mwezi, wakati mwenye apatimenti sita zinazolaza wageni anaonekana katika daftari la nchi kama mtu mwenye nyumba sita za kuishi tu.

Hoja ya usalama haihitaji maneno mengi. Januari 2024, jijini Nairobi, wanawake wawili waliuawa kwa nyakati mbili tofauti katika nyumba za kukodi kwa siku. Baada ya hapo ndipo Wizara ya Utalii ya Kenya ilipoamuru wenye nyumba za namna hiyo wajiandikishe kwa mamlaka inayosimamia utalii. Amri ilikuwa sahihi na ilichelewa. Mwanza ni jiji la bandari, la reli na la barabara za mipaka mitatu, na haina sababu ya kungoja maiti ndipo ifungue daftari. Wako vijana wa leo wanaolicheka balozi la nyumba kumi, lakini utaratibu ule, ulioanza katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, ulikuwa na swali moja la maana: huyu aliyelala kwako ni nani? Swali hilo sasa ni la ofisi ya Serikali ya Mtaa, na ofisi hiyo haiwezi kuliuliza ikiwa haijui hata kwamba nyumba inalaza wageni.

Katika miji mikubwa ya ulimwengu, hao wanaoitwa mabingwa wa soko huria wamekwenda mbali zaidi ya yanayopendekezwa hapa. New York, kitovu cha ubepari, tangu Septemba 2023 inataka kila anayelaza mgeni kwa muda usiofika siku 30 aandikishwe na jiji, na awepo nyumbani wakati mgeni yupo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona imetangaza, Juni 2024, kwamba haitahuisha vibali vya nyumba za watalii vipatavyo elfu kumi, ili ifikapo Novemba 2028 visiwepo tena, kwa kuwa wenyeji wamekosa pa kukaa. Mwanza haijafika huko, na itakuwa upuuzi kuiga marufuku ya mji unaofurika watalii katika mji ambao bado unawatafuta. Lakini mtu asiseme kwamba leseni inafukuza wageni. Mgeni aliyetoka katika miji hiyo amezoea kuona namba ya usajili ya nyumba anayolala. Asipoiona ndipo anapotia shaka.

Kuna hoja ya urasimu, nayo ni nzito kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Anayetaka kulaza wageni kihalali anatembezwa kwa wakubwa wengi: halmashauri, Mamlaka ya Mapato, Wizara inayoshughulikia utalii, Zimamoto, afya, na wakati mwingine mazingira. Kila mlango una fomu yake na ada yake. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa na mpango wa kupunguza mzigo huo katika biashara zote, na haitakuwa busara kuufuta kwa mkono mmoja na kuuandika kwa mwingine. Ila yatokanayo na hoja hiyo ni kwamba milango ipunguzwe, wala si kwamba wenye fedha waruke ukuta. Mwenye gesti ya vyumba vinane asiye na rafiki ofisini anapita milango yote. Urasimu umemwelemea yeye, na bado analipa.

Hapa panatakiwa kupambanua, kwani wakubwa hupenda kujificha nyuma ya wadogo. Yupo mwalimu mstaafu wa Malimbe ambaye watoto wamemwishia nyumbani, naye ana chumba kimoja kitupu chenye mlango wa nje. Akimlaza humo mgeni wa wikiendi, au mzazi aliyekuja mahafali ya chuo pale Mtakatifu Augustino, hajamfukuza mpangaji yeyote wala hajaunyima mji nyumba. Yeye mwenyewe anaishi hapo; mgeni akipiga kelele, yeye ndiye wa kwanza kukosa usingizi. Mama wa Nansio, Ukerewe, anayewapa watalii kitanda na sato wa kuchoma yumo katika kundi hilo. Mtu wa namna hii aandikishwe ofisi ya mtaa, siku moja, kwa ada ndogo au bila ada, na aachwe aishi.

Wa pili ni tofauti kabisa. Huyu ana nyumba nne, saba, kumi, na hakai katika hata moja. Amezikabidhi kwa kijana anayezunguka na pikipiki na furushi la funguo. Baadhi amezijenga, baadhi amezipanga kwa mwaka mzima kutoka kwa wengine ili azikodishe kwa usiku, na huo ni ulanguzi uleule wa sukari na sabuni uliojulikana mwaka 1983, isipokuwa bidhaa imebadilika. Mtu huyo ana hoteli iliyotawanywa mitaani. Anapaswa kupewa leseni kama mwenye hoteli, kukaguliwa kama mwenye hoteli na kutozwa kama mwenye hoteli. Akisema yeye ni raia mdogo anayejitafutia riziki, aulizwe idadi ya funguo.

Wa tatu ni yule dalali mkubwa kuliko wote, asiyekaa Mwanza wala Dar es Salaam. Mnamo Julai 2025 Serikali ilitangaza biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na udalali wa nyumba ulikuwa mojawapo. Mgeni aliyekuwa akitafutia watu vyumba Kariakoo aliguswa na amri hiyo. Mtandao unaotafutia watu vyumba Mwanza, Arusha na Zanzibar kutoka ng'ambo, ukikata sehemu yake katika kila usiku, haukuguswa, isipokuwa kwa ile kodi ya asilimia 2 ya huduma za kidijitali iliyowekwa mwaka 2022. Haitarajiwi kwamba utafungiwa. Inatosha kuutaka usiitangaze nyumba yoyote ya Tanzania isiyoonyesha namba ya leseni. Majiji mengine yameudai hivyo na umetii. Hautakufa kwa kutii na hapa.

Ufukwe una kesi yake peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Yeyote atakayepanda mtumbwi na kuambaa pwani kutoka Capri Point hadi Luchelele, au upande wa pili kwenda Igombe na Kayenze, akae na kuhesabu. Thamani ya nyumba ya kulaza wageni iko katika maji anayoyaona mgeni akifungua dirisha, na kwa hiyo kila mjenzi anasogea mbele ya mwenzake mpaka ukuta unafika majini. Njia ya wavuvi kwenda mwaloni inazibwa. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa wanaambiwa harufu inawaudhi wageni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kukivuka kile kimo cha mwaka 1964 kinachosimuliwa na wazee, na mwaka 2024 likapanda tena. Maji yakaingia katika majengo ambayo hayakutakiwa kuwapo. Baadhi ya waliojenga ndani ya mita 60 wakadai msaada kama wahanga wa maafa.

Kuna na majitaka. Mwanza hunywa maji ya ziwa, yanayovutwa Capri Point na, tangu mwaka 2023, Butimba pia. Nyumba iliyochimbiwa shimo la choo kwa ajili ya familia ya watu watano, juu ya mwamba usionyonya, inapowekwa wageni kumi na wawili kila wikiendi, shimo hilo haliwezi kuhimili. Yanayofurika yanajua njia ya kwenda ziwani. Bwana afya hukagua choo cha gesti. Choo cha apatimenti hakipo katika orodha yake. Hilo peke yake lingetosha kuhalalisha leseni, hata kama wapangaji wote wa Mwanza wangekuwa na majumba yao.

Basi kwa nini jambo lililo wazi hivi linachukua miaka? Jibu halimo katika upungufu wa sheria, na watumishi wa umma watakaosoma ukurasa huu wanalijua. Baadhi ya nyumba hizo ni za wale wale wanaopaswa kuzikagua. Ofisa ardhi ana mbili, mkuu wa idara ana tatu kwa jina la mkewe, diwani ana moja, naye ndiye atakayenyoosha mkono sheria ndogo itakapoletwa barazani. Kuwa na nyumba si kosa, na tangu mwaka 1991 si kosa hata kwa kiongozi. Lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali zake na asiamue jambo ambalo lina faida yake. Mtu hawezi kuwa mwenye gesti asubuhi na mkaguzi wa gesti mchana. Anayetaka kuzikodisha kwa usiku na azikodishe, akate leseni kama wengine, na siku mjadala unapoletwa atamke maslahi yake na kutoka ukumbini. Kwa kufanya hivyo hatapoteza hata kitanda kimoja.

Halmashauri ya Jiji la Mwanza na ile ya Manispaa ya Ilemela hazina haja ya kungoja waraka kutoka Dodoma ili kuanza. Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za miji, Na. 8 ya 1982, inazipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo Waziri mwenye dhamana huzithibitisha. Iandikwe kwamba kila nyumba inayolaza wageni kwa malipo iwe na namba, na namba hiyo ionekane getini na katika tangazo. Iandikwe kwamba anayeishi katika nyumba yake na kukodisha chumba atahudumiwa na ofisi ya mtaa, na mwenye nyumba zaidi ya moja ya kukodisha kwa siku atahesabiwa kuwa mfanyabiashara wa hoteli. Iandikwe kwamba ushuru utakaotokana na nyumba hizo utengwe fungu kwa ajili ya nyumba za walimu na wauguzi, na hesabu yake isomwe barazani kila robo mwaka. Iandikwe kwamba hakuna namba itakayotolewa kwa jengo lililo ndani ya mita 60 za ziwa kinyume cha sheria, liwe la nani.

Na siku karani atakapotumwa na daftari lake jipya, asianzie Malimbe kwa mwalimu mstaafu mwenye chumba kimoja, kama ilivyo desturi ya makarani kuanzia kwa wasio na simu ya mkubwa. Aanzie Capri Point, asubuhi, kwenye malango marefu, na awe na barua iliyotiwa saini na Mkurugenzi mwenyewe.